Kupunguza Kitambi Bila Kukonda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya yule ambaye mizani haimlaumu, ila shati linambana kwenye vifungo viwili vya chini. Hataki kukonda. Anataka tumbo lirudi ndani na mashavu yabaki. Hapa Mwanza watu wa namna hii ni wengi, na karibu wote hupewa ushauri uleule anaopewa mwenye kilo 110: acha kula usiku, kimbia kila siku, kunywa maji ya limao. Wanaishia kukonda shingo huku tumbo liko palepale.

Inawezekana kweli tumbo likaondoka na kilo zikabaki?

Zibaki zote, hapana. Mafuta yana uzito, na yakitoka lazima mizani ione. Kinachowezekana ni kupoteza kilo chache, hizo chache ziwe za mafuta, na misuli iongezeke kidogo kufidia. Chukua mwanamume wa sentimita 170, kilo 68, kiuno sentimita 91. Akitoa kilo 5 za mafuta na kuongeza kilo 2 za misuli, mizani itasoma 65. Kiuno kitakuwa kimeshuka kwa kama sentimita 5, maana kwa wastani kilo moja ya mafuta huondoka na takriban sentimita moja ya kiuno. Watu wataona tumbo limekwenda. Kilo 3 hakuna atakayeziona.

Lipo kundi lisilopaswa kupunguza hata kilo moja. Zidisha urefu wako kwa mita mara wenyewe, kisha gawanya uzito wako kwa jibu hilo. Ukipata chini ya 18.5, kama atakavyopata mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 46, wewe kazi yako ni kula vizuri na kujenga misuli. Na kama una uzito huo na tumbo limetokeza, usianze na mazoezi. Soma kwanza swali la kichocho hapo chini.

Nikipungua watu wataanza kusema naumwa. Nifanyeje?

Hofu hii ina haki yake. Nenda kijijini Magu ukiwa na shingo nyembamba kuliko ulivyoondoka, shangazi atakuuliza "Mwanangu, unaumwa nini?" kabla hajakuvutia kiti. Huyo ni afadhali, amekuuliza wewe. Jirani atawauliza wengine.

Kinachomfanya mtu aonekane mgonjwa ni kasi, na kile kinachotoka. Anayeshindia matunda na kukimbia kila asubuhi hupoteza mafuta pamoja na misuli ya mabega, mapaja na makalio, na hapo ndipo nguo zinapoanza kuning'inia. Kwa mtu ambaye si mnene, kilo moja kwa mwezi inatosha kabisa. Kilo ya mafuta ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo unahitaji upungufu wa kalori 250 tu kwa siku. Ni kiasi kidogo kiasi kwamba hutasikia njaa ya kukuamsha usiku.

Mashavu yatapungua kidogo, nisikudanganye. Sehemu gani ianze kutoa mafuta na ipi ifuate ni mambo ya kurithi. Ila bega na kifua vikijaa, uso mwembamba kidogo haumshtui mtu.

Ukiona unapungua bila kujaribu, hilo ni jambo lingine. Kisukari, kifua kikuu, VVU na matatizo ya tezi ya shingo vyote vinaweza kuanza hivyo. Nenda ukapime.

Nitajuaje kama nina kitambi au ni mawazo yangu tu?

Tafuta kamba ya katani au uzi mnene. Ikanyage ncha moja kwa kisigino, vuta hadi utosini, kata hapo. Sasa ikunje mara mbili na uizungushe kiunoni. Isipofika, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hicho ndicho kipimo rahisi cha kuonya kuwa mafuta yamekusanyika mahali pabaya.

Mwenye tepu ya fundi cherehani apime kwa sentimita. Pima asubuhi kabla ya chai, juu ya ngozi, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia. Shirika la Afya Duniani linaweka mstari wa tahadhari kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke; ikifika 102 na 88 hatari ya magonjwa imepanda sana. Saizi ya suruali isikupe moyo. Wengi wetu tunafunga mkanda chini ya tumbo, kwa hiyo suruali inaweza kubaki 34 kwa miaka kumi huku kitambi kinakua juu yake.

Halafu finya. Mafuta unayoweza kuyashika kwa vidole, yale tunayoita nyama uzembe, yako chini ya ngozi. Tumbo likiwa limetokeza lakini ni gumu, huwezi kulifinya, mara nyingi mafuta yako ndani, yamezunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo yanayoleta kisukari na shinikizo la damu. Habari njema ni kwamba hayo ndiyo yanayowahi kupungua ukianza kutembea na kula kwa kipimo. Yale ya chini ya kitovu yanachelewa kuliko yote, na yanakera, ila kiafya hayana ubaya kama ya ndani.

Napiga sit-apu 200 kila siku. Mbona tumbo haliondoki?

Kwa sababu misuli ya tumbo haili mafuta yaliyolala juu yake. Mwili ukihitaji nishati hutoa mafuta kwenye damu kutoka kila upande, kama ziwa: ukichota ndoo Kirumba, shimo halibaki Kirumba. Sit-apu zinakaza misuli, na ni vizuri, lakini 200 zinachoma kalori chache kuliko unazozipata kwenye andazi moja. Muda huo upeleke kwenye mapaja, mgongo na kifua, ambako kuna misuli mikubwa.

Nipunguze nini kwenye chakula bila kulala njaa?

Anza na vile visivyoshibisha. Watu hukimbilia kukata ugali, wakati tatizo liko kwenye chupa ya mafuta na kikombe cha chai.

Mafuta ya kula kwanza. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, iwe alizeti, iwe mawese, iwe ya kupima dukani. Mama wa nyumbani akimimina kwenye sufuria kwa macho, nusu kikombe hupita bila kuonekana, na nusu kikombe ni kalori zaidi ya 900 ndani ya mchuzi wa familia ya watu wanne. Usiwakosanishe walaji. Weka kijiko kando ya jiko, pima vijiko 3 kwa sufuria hiyo, ongeza nyanya na kitunguu, acha kitunguu kiive kwa maji kidogo kabla ya mafuta. Ladha haipotei. Wiki ya kwanza watalalamika kuwa mchuzi haung'ai, ya pili wamesahau.

Sukari ya pili. Vijiko 3 vya chai kwa kikombe, vikombe 3 kwa siku, ni kama gramu 36 za sukari, karibu kalori 145. Soda ya mililita 350 nayo ina kiasi kama hicho hicho. Mtu anayekunywa soda moja mchana na chai hiyo amemaliza kalori karibu 300, na bado hajala kitu. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku. Shusha kijiko kimoja, kaa hapo wiki mbili, shusha kingine. Juisi ya miwa na ile ya kutengeneza yenye sukari zihesabu pamoja na soda.

Vitafunwa ni cha tatu: chapati, maandazi, vitumbua, na chipsi zege ya saa nne usiku. Sisemi uache. Chapati moja badala ya mbili na yai la kuchemsha pembeni, tayari umekaribia upungufu wako wa siku.

Ukifanya mawili kati ya haya, usiguse kingine. Anayekata mafuta, sukari, ugali na chakula cha usiku kwa mpigo ndiye yule shangazi atakayemuuliza anaumwa nini.

Ugali niache? Na wali je?

Usiache, punguza mlima. Kitonge cha ukubwa wa ngumi zako mbili kinatosha mtu mzima asiyelima. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi zinazokaa tumboni muda mrefu. Ugali wa udaga (muhogo uliochachushwa na kukaushwa) mtupu unashibisha haraka lakini karibu hauna protini. Changanya na mtama kama wazee walivyokuwa wakifanya. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, vihesabu kama wanga. Wali hauna dhambi yoyote ila unapitiliza kirahisi, maana sahani ya wali haionekani imejaa.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, mgagani, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa). Nsansa ikiungwa na karanga ni tamu mno, ila karanga nazo zina mafuta mengi, kwa hiyo kijiko kimoja au viwili vya karanga za kusaga, si bakuli.

Protini kiasi gani, na mimi sina hela ya nyama kila siku?

Kando ya Ziwa Victoria hili ndilo swali rahisi kuliko yote. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 68 anahitaji kati ya gramu 80 na 110 kwa siku, na hiyo ndiyo inayolinda misuli isitoke pamoja na mafuta.

Mayai mawili asubuhi yanakupa gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, kama 15. Kikombe cha maziwa mgando, 8. Sato wa nusu kilo, ukitoa kichwa na miiba, anakuachia nyama yenye gramu 30 na kitu. Halafu dagaa: konzi moja ya wakavu, gramu 40 hivi, ina protini zaidi ya 20, pamoja na kalisi kwa sababu unawala na mifupa. Jumlisha, umefika.

Dagaa wa soko la Mwaloni wana mchanga wakianikwa chini, kwa hiyo lipia zaidi kidogo upate wa kwenye vichanja. Waweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, wageuze mpaka wanaanza kulia wakigusana. Wamwagie maji ya moto, sugua kwa mikono, mwaga. Rudia mpaka chini ya bakuli pasikwaruze. Kisha kitunguu, nyanya mbili, nyanya chungu, kijiko kimoja cha mafuta, na ndimu mwishoni. Dagaa wa kuzamishwa kwenye mafuta ni watamu, nakubali, lakini wanafyonza mafuta mengi na hesabu yote ya juu inaharibika.

Furu, mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kukatwa) na vichwa vya sangara navyo ni protini halali. Minofu bora inapanda ndege kwenda Ulaya. Supu ya kichwa inabaki kwetu, na wala hatujapunjwa sana.

Mazoezi gani yanafaa kama sitaki kukonda?

Ya kubeba uzito, mara 2 au 3 kwa wiki, na kutembea siku zilizobaki. Huhitaji jimu. Tafuta dumu la njano la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hicho ni chuma kinachoongezwa kilo mojamoja kwa kila lita, kitu ambacho jimu nyingi za mtaani hazina.

Anza na lita 8 au 10. Likumbatie dumu kifuani, chuchumaa hadi mapaja yalale usawa wa magoti, inuka. Mara 10, pumzika dakika moja na nusu, rudia seti 3. Kisha liweke chini mbele yako, sukuma makalio nyuma, mgongo ulionyooka, linyanyue hadi usimame, lirudishe taratibu. Nalo seti 3. Kisha inama, mkono mmoja kwenye benchi, mwingine uvute dumu hadi ubavuni. Malizia kwa pushapu. Zikikushinda, weka mikono juu ya ukuta mfupi au kitanda. Marudio mawili ya mwisho ya kila seti yawe yanakutoa jasho usoni. Siku utakayofikisha 12 bila shida, ongeza lita moja.

Utaona kitu: dumu likiwa nusu, maji yanacheza ndani na kukuvuta huku na huku, na tumbo linajikaza lenyewe kukusimamisha. Hiyo ni sit-apu ambayo hukuihesabu.

Akina dada wanaoogopa kupoteza shepu, hayo mawili ya kwanza ndiyo yenu hasa. Nyonga na makalio ni misuli pia, na misuli inayobebeshwa mzigo haitoki.

Kukimbia je? Tuna klabu ya jogingi kila Jumamosi.

Endeleeni, kwa raha yake na kwa moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Ila kama hofu yako ni kukonda, usiongeze kilomita kila wiki. Mwanza imetupa vilima. Panda vilima vya Mabatini au vya Isamilo kwa mwendo wa haraka nusu saa, utahema kama aliyekimbia na magoti yatakushukuru. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo mkubwa kunashusha sukari kwenye damu. Mwenye duka anayekaa kwenye stuli kuanzia asubuhi hadi taa ziwake, hilo la kutembea baada ya chakula ndilo ningemwanzishia.

Na baada ya jogingi, supu na chapati tatu zinarudisha kila kitu. Mnajijua.

Bia ndiyo inaleta kitambi?

Chupa ya mililita 500 ina kama kalori 200. Moja haijengi tumbo la mtu. Nne za Ijumaa, na mishkaki, na chipsi, na kulala saa nane, zinafuta upungufu wa siku tatu. Pia pombe ikiwa mwilini, ini huishughulikia hiyo kwanza na mafuta yanasubiri. Kuhamia pombe kali hakukuokoi: gramu ya kilevi ina kalori 7 bila kujali imetoka kwenye chupa gani. Shika mbili kwa wiki na ule kabla hujaenda baa.

Kufunga mpaka mchana kunasaidia?

Kunasaidia kama kunakufanya ule kidogo kwa siku nzima. Kama saa saba unakula cha asubuhi na cha mchana pamoja, umejitesa bure. Kwa mtu asiyetaka kukonda mimi sikupendekezi sana, maana ni vigumu kufikisha protini kwa milo miwili. Wanaofunga Ramadhani waweke mayai au maharage kwenye daku na samaki kwenye futari kabla ya kalimati, na mazoezi ya dumu yafanyike saa moja au mbili baada ya futari. Anayetumia dawa za kushusha sukari asifunge bila kuongea na daktari wake.

Maji ya limao, tangawizi, siki, mkanda wa tumbo, chai za kupunguza tumbo?

Limao na tangawizi ni vinywaji vizuri visivyo na sukari; vikichukua nafasi ya soda vitakusaidia kwa sababu hiyo tu. Siki ikinywewa bila maji inaunguza koo na meno. Mkanda unatoa jasho, jasho ni maji, ukinywa glasi mbili limerudi.

Chai hizo ndizo nisizozipenda. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Tumbo linaonekana limeingia kwa sababu utumbo uko mtupu, mafuta hayajaguswa, na ukizitumia muda mrefu choo kinagoma bila hizo. Vidonge vinavyouzwa kwenye simu bila jina la mtengenezaji ni hatari zaidi. Nje ya nchi vimekutwa mara nyingi na sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa. Dawa ambayo haijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, usiimeze.

Na zile sindano za kisasa za kupunguza uzito?

Ni dawa halisi, za watu wenye unene uliopitiliza au kisukari, na huandikwa na daktari. Zinaua hamu ya kula, na sehemu ya kilo zinazotoka huwa ni misuli. Kwa mtu wa kilo 68 anayeogopa kukonda ni njia ya kuelekea kulekule asikotaka.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Usiku niko ziwani na taa, mchana nalala. Nifuate ratiba gani?

Kulala vipande vipande kunaongeza njaa, hasa ya wanga na vitu vitamu, na mtu aliyejinyima chakula huku halali vizuri hupoteza misuli zaidi. Kwa hiyo usingizi wako ndio dawa ya kwanza. Ukitoka mwaloni kula kidogo, lala chumba chenye giza, ziba dirisha kwa blanketi, simu iwe mbali, lenga saa 7. Mlo mkubwa uwe jioni kabla ya kuingia mtumbwini. Usiku beba mayai ya kuchemsha au karanga kidogo na chai isiyo na sukari badala ya mikate na soda. Kuvuta nyavu ni mazoezi tosha ya mgongo na mikono. Ongeza kuchuchumaa na dumu.

Siku za mbalamwezi, mnapopumzika, ndipo kitambi kinapojengwa. Hela ipo, kazi haipo, baa iko karibu.

Nimejifungua, tumbo limegoma kurudi. Nifunge kanga?

Kanga inakushikilia na kukupa nafuu ya mgongo, haichomi mafuta. Kwanza jiangalie misuli. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo na upapase kwa vidole juu ya kitovu. Ukihisi mfereji unaoingia zaidi ya vidole viwili, misuli ya tumbo imeachana, na sit-apu zinaweza kuutokeza zaidi. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya kupumua na kukaza tumbo la ndani.

Anayenyonyesha anahitaji kalori kama 500 za ziada kwa siku, kwa hiyo arobaini si wakati wa kujinyima. Kunywa uji wako, ila uwe na maziwa na sukari kidogo badala ya sukari nyingi na siagi. Waliojifungua kwa upasuaji wasinyanyue dumu mpaka kliniki iseme kidonda kimepona. Na ukiona miezi tisa imepita na mtu bado anakuambia "tumbo lako mbona hivyo", mjibu kuwa lilichukua pia miezi tisa kupanuka.

Tumbo langu ni kubwa lakini mikono na miguu ni myembamba. Ni kitambi?

Inawezekana si kitambi kabisa. Kando ya ziwa hili na visiwani kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku. Minyoo yake inaingia kupitia ngozi ukiwa majini, mayai yake yanakwama kwenye ini, na baada ya miaka ini na bandama huvimba na maji hujaa tumboni. Dalili nyingine ni maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo. Kutapika damu ni dharura. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana, na mapema ni bora sana kuliko baadaye.

Tumbo linalokua haraka huku mwili unakonda, miguu kuvimba, macho kuwa ya njano, uvimbe mgumu unaoushika upande mmoja, au mwanamke kuongezeka tumbo na hedhi imevurugika: acha dumu, nenda ukapigwe ultrasaundi. Kituo cha afya kitakuanzishia. Kikishindwa kitakuelekeza hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Na kama tumbo ni bapa asubuhi na limejaa jioni, hiyo ni gesi. Loweka maharage usiku, mwaga maji yake, jaribu siku chache bila maziwa uone.

Nina miaka zaidi ya 45. Bado inawezekana?

Ndiyo, ila taratibu. Kuanzia miaka ya 30 misuli hupungua kwa asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10 kama huibebeshi kazi, na mwanamke akikoma hedhi mafuta huhama kutoka nyongani kuja tumboni. Kwa umri huu protini ikae upande wa juu wa kiwango nilichotaja na dumu lisikosekane. Mwenye shinikizo la damu apime kwanza.

Natumia ARV, au dawa za pumu za vidonge. Zinahusika?

Zinaweza. Baadhi ya ARV huongeza uzito au kuhamisha mafuta kwenda tumboni, na dawa za jamii ya steroidi, vikiwemo baadhi ya vidonge vya pumu, nazo hufanya hivyo. Usiache wala kuruka dozi. Mwambie anayekuhudumia kliniki. Mara nyingine kuna dawa mbadala. Mengine yote ya ukurasa huu yanakufaa.

Nimefika mwezi wa pili, mizani imeganda. Niongeze kujinyima?

Angalia tepu kwanza. Kiuno kikishuka hata nusu sentimita huku mizani imeganda, hicho ndicho ulichokuja kutafuta, usiguse kitu. Vyote viwili vikiganda kwa wiki nne, rudi kwenye kijiko cha mafuta, maana hapo ndipo mikono husahau mapema. Pima kiuno mara moja kwa wiki, siku ileile. Wanawake walinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, kwa sababu karibu na hedhi mwili hushika maji.

Nikishapata kiuno ninachotaka?

Kamba ikifika, rudisha kalori 250 ulizotoa: nusu kitonge cha ugali mchana na tunda, au ile chapati ya pili. Endelea na dumu mara mbili kwa wiki na tepu mara moja kwa mwezi. Kiuno kikipanda sentimita 2, toa chapati.